Dakika ya Sitini na Moja

Kaseti ilikuwa ya dakika sitini. Faili iliyotoka katika kaseti hiyo ilikuwa ya dakika sitini na moja.

Masatu aliitazama tarakimu ile pembeni mwa kioo cha kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Sitini na moja. Kwa mtu asiyeijua kazi hii, dakika moja si kitu. Lakini Masatu alikuwa amehamisha kaseti za watu kwa miaka mingi katika chumba chake cha picha pale Nyakato, za harusi, za ubatizo, za mazishi, na alijua kwamba kaseti ya zamani haidanganyi kuhusu muda wake. Haiharakishwi. Ukiunganisha kamera na kompyuta kwa waya na kubonyeza kitufe, saa nzima iliyorekodiwa zamani hudai saa nzima ya leo. Fundi hukaa nayo kama anavyokaa mtu na mgonjwa, na ukanda ukiisha, umekwisha. Hauna mahali pa kutoa dakika ya ziada, kama vile mwanadamu asivyoweza kwa kujisumbua kwake kujiongezea kimo.

“Kompyuta imekosea,” alijiambia, na jioni ile akamruhusu mwenye mali aende na mali yake.

Hilo lilikuwa kosa la pili. La kwanza alikuwa amelifanya mchana uleule, tena akicheka.

Mwenye mali aliitwa Recho, mjane wa Kigera aliyeuza dagaa sokoni. Alikuja na kaseti moja, ndogo kama kiberiti, imefungwa katika leso ya mtoto. Marehemu mumewe, Onesmo, ndiye aliyeirekodi enzi zile alipofanya kazi mgodini na kujinunulia kamera. Kamera iliuzwa kitambo. Ili kuisoma kaseti hiyo, Masatu alilazimika kuazima kamera ya aina ileile kwa Masanja, mpiga picha wa harusi kule Bunda, ambaye alikuwa ameitunza kabatini pasipo kujua kwa nini.

“Ni ya Adventina,” Recho alisema, akiifungua leso polepole. “Sauti yake duniani ni hii tu. Hakuna nyingine.”

Adventina alikuwa binti yake wa kwanza. Miaka kumi na mitano iliyopita, akiwa na umri wa miaka tisa, aliteremka ziwani Mugango, walikoishi wakati ule, saa sita mchana kusuuza vyombo, asipande tena. Sufuria zilikutwa juu ya jabali, zimepangwa, zinang’aa. Wavuvi walitafuta kwa siku tisa na hawakupata hata kiatu. Ndipo watu wa ukoo walipokata mgomba, wakauvisha gauni la mtoto, wakachimba kaburi ili wauzike badala ya mwili na kuifunga huzuni mlangoni. Recho akaingia mwenyewe ndani ya shimo, akalala chali, akasema kama ni lazima wafukie kitu, wamfukie yeye. Walimtoa kwa nguvu. Shimo likafukiwa tupu, na huzuni ikabaki na mlango wazi.

Siku hiyo ya kaseti Recho alikuwa ameongozana na Brenda, binti yake wa pili na wa mwisho, mwenye umri wa miaka kumi na minane. Dada yake alipopotea, Brenda alikuwa wa miaka mitatu. Kompyuta mpakato waliyoileta ilikuwa yake. Mjomba wake alikuwa amemnunulia kwa ajili ya chuo cha ualimu, naye alitarajiwa kuripoti Bunda mwezi uliofuata.

Masatu alipochomeka waya, spika zilianza kulia. Ulikuwa mlio mwembamba, wa kupanda na kushuka na kukata pumzi. Alibadilisha waya, ukalia. Alizima akawasha; ukalia. Picha ilikataa kuingia.

“Inalia kama kitoto,” Recho alisema, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aingie.

“Basi mama, labda inataka jina,” Masatu akacheka. “Si ndivyo mlikuwaga mnafanya huko kwenu Mugango? Hebu iite, tuone kama itanyamaza.”

Kwa watu wa ufuko ule, mtoto mchanga akilia siku nyingi bila ugonjwa, bibi humpakata na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, jina baada ya jina; lile atakalolinyamazia ndilo atakaloitwa, kwa kuwa husemwa kwamba mwenye jina amerudi nyumbani. Masatu alikuwa mzee wa kanisa. Alijua jambo hili lilivyo zito, na alijua limekemewa mara ngapi madhabahuni. Lakini joto lilikuwa kali, kazi ilikuwa imekwama, na siku hiyo mzaha ulimjia mdomoni kabla ya sala.

Recho aliinamia kompyuta kama anayeinamia kitanda cha mtoto mchanga. “Nyanjura,” aliita. Ikalia. “Nyamisana.” Ikalia. “Bibi Nyangeta, ni wewe?”

“Mama, acha bwana,” Brenda alisema. “Hiyo ni laptop yangu ya chuo.”

“Nyamaza wewe. Huoni naongea na wakubwa zako?”

Masatu akacheka tena, na kicheko hicho atakitolea hesabu siku ya mwisho.

“Adventina,” Recho alinong’ona.

Mlio ukakatika. Ndani ya ukimya ule picha ikaja yenyewe, safi, ufuko na majabali na jua la zamani. Na kompyuta ikauliza faili iitwe nani, na Masatu, bila kuinua kichwa, akaandika herufi tisa.

*

Nakala moja alikuwa amejibakizia, kama ilivyokuwa desturi yake ya kazi, pamoja na kaseti yenyewe, ambayo Recho alimwachia aisafishe. Kesho yake, wateja walipopungua, akaifungua ile dakika ya ziada.

Alianzia mwisho wa kweli. Adventina anaimba wimbo wa shule ya Jumapili huku anasugua sufuria kwa mchanga. Brenda mdogo, kaptula imemvuka magotini, anapigapiga maji kwa kijiko. Picha inatikisika, maana Onesmo alikuwa na mkono usiotulia, na pumzi zake zinasikika nyuma ya kamera. Adventina anageuka: “Baba, zima sasa, twende tukale.” Kioo kinakuwa cheusi. Dakika sitini.

Kisha picha ikarudi.

Ni ufuko uleule, jabali lilelile, bila mtu. Masatu alichukua muda kutambua kilichomsisimua mwili, na alipotambua alitamani asingetambua: picha haikutikisika. Haikutikisika hata kidogo, kana kwamba aliyeishika kamera hakuwa na moyo unaodunda wala mapafu yanayopanda na kushuka. Upande wa maji, pasipo kiwimbi, akapanda mtoto wa kike mwenye gauni kavu. Akaketi juu ya jabali. Akapanga mikono mapajani. Akatazama mbele, si kwa macho ya mtoto anayetazama kamera, bali kwa macho ya mgeni aliyekaribishwa sebuleni, ambaye hana haraka kwa sababu amekwisha kuambiwa kwamba chakula kinapikwa.

Mle chumbani, mbali na ziwa, kulinuka samaki mbichi, kamongo wa topeni.

Masatu aliifunga kompyuta. Akasema zaburi aliyoijua tangu utoto, ile yenye kuahidi ulinzi dhidi ya hofu ya usiku na dhidi ya uharibifu utembeao adhuhuri, na kwa mara ya kwanza maishani akajiuliza kwa nini Roho alitaja adhuhuri. Kisha akafanya kama wafanyavyo watu wengi waliotenda dhambi ndogo: alijishughulisha na kazi nyingine.

*

Siku ya kumi na mbili Brenda alikuja. Alisimama mlangoni hadi wateja wawili walipoondoka. Midomo yake ilikuwa imepauka, na nywele zake zilikuwa mbichi ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita.

“Fundi, shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka kuoga?”

“Sijaoga.” Alijishika nywele kama mtu anayeficha kidonda. “Naamkaga hivi siku hizi. Fundi, ile faili inaongezeka.”

“Inaongezekaje?”

“Jana ilikuwa dakika themanini na nne.” Sauti yake ilishuka. “Mama haendi sokoni tena. Dagaa wameozea kwenye ndoo. Ikifika saa sita anafunga mlango, anaiwasha, anaongea naye.”

“Na nani?”

“Si unamjua?”

Nje pikipiki ilipita, na wote wawili walisubiri ipite, kana kwamba ingeweza kusikia.

“Yule anamuuliza mama habari za majirani,” Brenda aliendelea. “Nani kaolewa, nani kafa. Mama anajibu, na yule anacheka. Siku za kwanza nilikaa nao, fundi. Nitakuambia ukweli, nilifurahi. Mama alikuwa hajawahi kucheka hivyo mimi nikiwepo. Halafu juzi akamuuliza: mama, huyo anayelala kwenye kitanda changu ni nani?”

“Mama yako akasemaje?”

Brenda alitazama sakafu. “Akasema, ni binti tu ananisaidiaga kazi.”

Masatu alimsogezea kiti.

“Na kule mwanzo,” alisema Brenda, “kwenye picha za kweli, alizopiga marehemu baba. Mimi nilikuwepo, si uliniona? Nikiwa na kijiko? Sasa hivi kijiko kinapiga maji chenyewe.”

Hapo Masatu akasimama, akafunga mlango wa chumba cha picha mchana kweupe, akatoa kaseti sandukuni na kuitia katika kamera ya Masanja, kwa maana aliamini kwamba faili inaweza kuchezewa na mtu lakini ukanda ni ukanda. Nao wakatazama pamoja, kijana na mtu mzima, mabega yakigusana kwa woga, na kweli kijiko kilikuwa kikiinuka na kushuka juu ya maji pasipo mkono, na Adventina alikuwa akikiimbia kijiko hicho kwa upole, na saa ya kamera ikafika sitini na kupita sitini, na Masatu alipochungulia katika kile kidirisha kidogo ambamo fundi huona magurudumu ya kaseti yakizunguka, aliona kwamba magurudumu yalikuwa yamesimama kimya, ukanda umekwisha wote, na picha ingali inaendelea.

Mtoto wa kwenye jabali aliinua uso. Hakumtazama Masatu.

“Brenda,” aliita kwa upole, “sogea kidogo. Umekalia mahali pangu.”

Brenda alikohoa, na kilichotoka kinywani mwake, kikamwagika juu ya magoti yake, kilikuwa maji, maji ya ziwa yenye ukijani, na ndani yake samaki mmoja, furu mdogo kama ukucha, akipapatika.

*

Mwinjilisti Marcelina aliishi Butiama, mwanamke mfupi wa miaka sabini aliyevaa viatu vya plastiki majira yote na ambaye hakuwahi kupokea hata kuku kwa ajili ya maombezi yake. Alimsikiliza Masatu hadi mwisho huku akichambua mtama katika ungo. Kisha akaweka ungo chini.

“Ulimpa jina kwa mzaha,” alisema.

“Nilikosa, mama.”

“Ulikosa, ndiyo. Mzee wa kanisa, unayeshika sahani ya sadaka.” Hakupaza sauti, ingekuwa afadhali apaze. “Sikia. Yule mtoto yuko mikononi mwa Mungu tangu siku ile, na hakuna waya wa kumfikia. Kati yetu na wao kuna shimo kubwa, na Bwana mwenyewe alisema halivukiki. Hiki kilichokuja ni kingine. Waganga hukiita jini, wavuvi hukiita vingine, mimi nakiita kama Maandiko yanavyokiita: roho chafu, isiyo na kwake, inayozunguka ikitafuta pa kupumzika. Miaka kumi na mitano imesimama kwenye mlango wa mwanamke yule, kwa sababu mlango haukufungwa. Haikuwa na jina la kuingilia. Ninyi mkaiita kama mnavyomwita mtoto anayelia, mkaipa.”

“Nimeifuta nakala yangu. Kesho yake ikarudi.”

“Itarudi tu. Si wewe uliyeita, wewe ulicheka tu. Aliyeita ni yeye, na aliyeita ndiye wa kukana, kwa kinywa chake na kwa mkono wake. Jina imekwisha kupata. Sasa inataka nafasi, na nyumba ile ina nafasi ya mtoto mmoja.” Aliinuka, akakung’uta sketi. “Hiyo kaseti hufutwaje?”

“Hurekodiwa juu yake, mama. Unafunika lenzi, unabonyeza kitufe chekundu, unarekodi giza. Kama ni saa nzima, unakaa saa nzima. Ukigusa kitufe tena, inasimama.”

“Saa moja,” alisema Marcelina. “Usiku wa kukamatwa kwake, Bwana aliwaomba wanafunzi wale watatu wakeshe naye saa moja tu. Unakumbuka walifanya nini?”

*

Walifika Kigera saa tano na nusu asubuhi. Brenda alikuwa sakafuni kwenye mkeka, macho nusu wazi, na chini yake mkeka ulikuwa umelowa. Recho alikuwa mezani, amevaa gauni la sikukuu. Kompyuta ilikuwa mbele yake. Sahani mbili zilikuwa zimeandaliwa, na kila moja ilikuwa na kipande cha samaki, ningu wa ziwani.

“Mama Brenda, hodi,” Marcelina alisema.

“Mimi ni mama Adventina.”

“Wewe ni mama wa wote wawili. Na mmoja anakufa hapa miguuni pako.”

“Ana homa tu.” Recho hakuteremsha macho. “Ninyi watu wa kanisa. Ukoo ulikuja na mgomba, nanyi mkaja nyuma yao. Mkaimba, mkala, mkaniambia Mungu ametwaa. Mimi nikamwuliza huyo Mungu, umetwaa, sawa, basi hata kiatu? Hata kiatu kimoja hukuweza kuniachia? Miaka kumi na mitano hajanijibu. Huyu ananijibu. Kila siku saa sita ananijibu!”

Masatu alitarajia kemeo. Lakini Marcelina alipiga magoti, mifupa ya magoti yake ikalia juu ya saruji, akamshika mama yule miguu.

“Nami nilizika watatu,” alisema. “Sikukatazi kulia. Raheli alilia, akakataa kufarijiwa, na Mungu hakumkemea. Aliandika kilio chake. Lia, mwanangu. Mlilie hadi kaburi lako. Ila usimlishe asiye yeye. Muulize jambo moja tu, na mimi nitaondoka. Muulize alikufaje.”

Recho alisita. Ilikuwa saa sita kamili. Kompyuta ikawaka yenyewe, na mtoto alikuwa amekwisha kuketi, si juu ya jabali tena, bali kwenye kiti. Kiti cha mbao kilichopakwa rangi ya samawati, na nyuma yake ukuta wenye kalenda ya kanisa, ukuta wa nyumba ileile waliyokuwamo.

“Mwanangu,” Recho alisema, “siku ile. Ilikuwaje?”

Mtoto alifikiri. Akatabasamu kama anayetafuta jibu litakalopendeza.

“Siku ipi, mama? Unataka iwe ipi?”

Brenda akakohoa sakafuni, na maji yakatoka kinywani na puani, mengi, yakitambaa juu ya saruji kuelekea chini ya kiti kilekile cha samawati, ambacho pale mezani kilikuwa kitupu lakini ambacho miguu yake minne ililia kama kiti kinacholia mtu anaposogea. Recho akamtazama bintiye aliye hai. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi na mitano. Akapiga yowe, akaifunga kompyuta kwa nguvu za mikono miwili.

“Nifanye nini? Niambieni nifanye nini!”

Masatu alimwekea kamera mezani, kaseti ndani, kifuniko juu ya lenzi. Recho, kwa kinywa chake, akasema kwamba jina alilolitoa amelirudisha kwa Mungu aliyelitoa kwanza, na kwa kidole chake akabonyeza kitufe chekundu. Saa ya kamera ikaanza kuhesabu.

Hakika saa ile ilikuwa ndefu. Marcelina alisali kwa sauti ya chini, Masatu akiitikia, na kichwa cha Brenda kilikuwa mapajani mwa Masatu kama cha mtoto wake mwenyewe. Dakika ya tano kuta zilitoka jasho. Dakika ya kumi na moja spika ya kamera, ambayo katika kurekodi haitoi sauti kamwe, ilisema kwamba kuna giza. Dakika ya ishirini ilisema kwamba kuna baridi, na kwamba mama alikuwa ameahidi. Dakika ya thelathini haikuwa tena sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya Onesmo, ikimtukana mkewe kwa kumtuma mtoto peke yake ziwani, jambo ambalo Onesmo hakulitamka hata siku moja alipokuwa hai, na ambalo Recho alikuwa amelisikia kichwani mwake kila usiku. Naye akauma ukanda wa gauni lake, asikiguse kitufe. Dakika ya arobaini vitu vyote vya ndani vilinuka tope na uozo, sahani mbili zikapasuka, na ule mlio wa kwanza, mlio wa kitoto, ukaanza na kupanda na kupanda hadi majirani wakafungua madirisha, na ukiwa kileleni ukakatika ghafla kama kamba.

Kimya. Brenda akavuta pumzi ndefu. Rangi ikarudi midomoni mwake.

“Imetoka,” Masatu alinong’ona. “Asante Yesu. Imetoka.”

“Saa haijaisha,” Marcelina alisema.

Ilikuwa dakika ya hamsini na saba. Na hapo, kwa sauti ndogo sana, kutoka ndani ya kamera, ukaja wimbo. Haukuwa na ombi wala lawama. Mchanga ulikwaruza sufuria, mtoto aliimba wimbo wa shule ya Jumapili, akikosea neno lilelile alilokuwa akilikosea sikuzote. Na nyuma yake baba mmoja asiye na mkono uliotulia alikuwa akihema. Huyu hakuwa jini. Hii ndiyo ilikuwa sehemu ya mwisho ya kaseti, ile ya kweli, ikisubiri zamu yake ya kufutwa.

Recho alikuwa amesimama.

“Recho,” Marcelina alisema. “Dakika mbili, mwanangu. Mbili tu.”

“Ndiyo,” alijibu Recho. “Mbili tu. Mungu ana watoto wote wa mbinguni. Atanigombeza kwa dakika mbili?”

Akakigusa kitufe. Saa ikasimama. Akaifungua kamera, akaitoa kaseti, akaifunga katika leso, akaitia kifuani, na hakuna aliyemnyang’anya, kwa kuwa aliyeita ndiye wa kukana, na mkono wa mtu mwingine usingefaa kitu.

Kutoka sakafuni, Brenda alikuwa anamtazama. Alikuwa ameamka. Alikuwa ameona yote: mama yake akipima, na alichokichagua.

“Brenda mwanangu, umepona,” Recho alisema, akinyoosha mkono.

“Shikamoo, mama,” Brenda alijibu, kwa heshima, kama mtu anavyomwamkia mama wa watu.

*

Wiki iliyofuata Brenda aliripoti chuoni Bunda. Kompyuta aliiacha. Marcelina alifunga siku arobaini, na katika siku hizo alikwenda Kigera mara tatu kubisha, mlango haukufunguliwa. Masatu alisimama mbele ya kanisa akaungama kicheko chake, na uzee wa kanisa akaurudisha. Meza ya Recho ya dagaa sokoni ikachukuliwa na mwingine, maana maisha hayamsubiri mtu.

Mwezi wa pili baada ya hapo, adhuhuri ya siku ya Alhamisi, simu ya Masatu ililia. Alikuwa Brenda.

“Shikamoo, baba. Samahani kwa usumbufu.”

“Marahaba. Hujambo huko? Chuo kinaendaje?”

“Kinaenda. Baba, nikuulize.” Sauti ilikuwa imeshuka, sauti ile ya mlangoni. “Kaseti ya mama. Zilibaki dakika ngapi?”

“Mbili. Zinazidi kidogo tu, sekunde chache.”

Masatu alisikia wanachuo wakicheka mahali fulani nyuma yake, na sahani zikigongana, watu wa kawaida katika saa ya chakula.

“Mama ananipigiaga kila siku saa sita,” alisema Brenda. “Haongei. Nasikia tu mtu anasugua sufuria na anaimba. Nikiita mama, mama, haitiki. Halafu simu inakatika. Nimeangalia kwenye kumbukumbu ya simu, tangu nimekuja hapa ni dakika mbili, mbili, mbili, kila siku.”

“Usipokee tena, mwanangu. Unasikia? Usipokee.”

“Leo nimepokea,” Brenda alisema, na akakohoa. “Leo zimekuwa tatu.”